Stelingi naye anakufa: niliyoyaona nikiuza Game of Thrones Tandika

Kabla sijaanza, humu nataja nani kafa, kafaje na kafa sizoni ya ngapi, kwa hiyo kama we ndo unaanza kuangalia Game of Thrones, ile tamthilia ya koo zinazopigania kiti cha enzi, saivi weka simu chini kaangalie kwanza, hii habari haiozi, utaikuta. Nimeona marafiki wa kunyoana nywele wakinuniana miezi kwa sababu mmoja alimwaga mchele wa episodi ambayo mwenzake hajaiona.

Mi nilikuwa na library ya muvi Tandika, zile za kuwekea watu muvi kwenye flashi na memori kadi, mwanzoni tulikuwa tunachoma na DVD. Muvi moja mia tano, sizoni nzima elfu mbili mpaka tatu kutegemea na urefu wake na jinsi mteja anavyolia hali. Tuseme ukweli tu, haikuwa biashara halali, zile ni haki za watu, tulijua na tulifanya, na wakaguzi wakisikika mtaani mlango unafungwa wote mnakuwa wateja wa duka la jirani. Siandiki kujisifia. Naandika kwa sababu ile kazi ilinikalisha benchi moja na watazamaji wa kila aina kuanzia 2013 mpaka 2019, na nikaona kwa macho yangu kifo cha mtu ambaye hajawahi kuwepo kinavyomfanya mtu mzima mwenye watoto. Kuna mambo pale niliyajua kwa kuchelewa, wengine bora myajue mapema.

Sasa Tandika, na nadhani ni Bongo nzima, tumelelewa na sheria moja ya muvi: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, atakula risasi ya bega (sijui kwa nini siku zote ni bega) lakini mwisho anarudi, na ikitokea kafa kweli basi ana pacha wake kijijini anakuja kulipiza. Kwenye mabanda umiza tulikokulia mtoto akianza kulia stelingi anapigwa, kuna kaka mtu mzima pembeni anamwambia tulia we, stelingi huyo. Kwa hiyo watu walikuwa wanaangalia roho imetulia, hata adui akiwa na bunduki na stelingi ana kijiti.

Game of Thrones ilianza kurushwa HBO, televisheni ya kulipia ya Marekani, Aprili 2011. Mi nimekuja kuanza kuiuza wakati wenzetu wanaingia sizoni ya tatu, wateja wangu wakawa wanaianza kutoka mwanzo hawajui chochote, na bango la sizoni ya kwanza linamwonyesha Ned Stark, yule Sean Bean, kakaa kwenye kiti cha enzi cha mapanga. Ukiona bango la hivyo utauliza stelingi nani? Jamaa ana heshima zake, ana familia, hapendi fitina, anasema kweli hata pale kweli itakapomponza. Watu walimpenda haraka wakamwita Mzee Ned. Inafika episodi ya tisa anatolewa mbele ya umati, amekiri uhaini ambao hakuufanya ili tu mabinti zake wapone, kila mtu anajua hapa ndo anasamehewa anapelekwa Ukutani kulinda mpaka wa kaskazini, na yule katoto Joffrey, mfalme mwenyewe, anaamuru akatwe kichwa. Na kinakatwa kweli.

Kijana mmoja wa spea za pikipiki akanirudishia flashi. "Bro, hii umenipa imekatwa." Namuuliza imekatwa wapi. "Pale wanapomwinamisha, wanaonyesha ndege wanaruka, imeisha." Nkamwambia haijakatwa, ndo inavyoisha. "Kwa hiyo ndo kafa?" Ndo kafa. Akasema nimrudishie hela yake. Sikumrudishia, nilimwambia nenda kaangalie ya kumi, akaenda, kwenye ya kumi si ndo anakikuta kile kichwa kimechomekwa juu ya ukuta na binti yake analazimishwa kukitazama. Akakata mguu dukani siku kadhaa. Aliporudi hakutaja hela tena, alitaka kujua nani atalipiza, na sizoni ya pili inaanzia wapi.

Huo ndo mtiririko niliouona kwa karibu kila mtu, kwanza hasira kwa aliyempa muvi, halafu kupotea, halafu "vipi, inayofuata ipo?" Ukishaujua hugombani na mtu. Walionunua kwangu na kununa siku ya Ned ndo walikuwa wateja wangu waaminifu mpaka mwisho.

Ila kuna mmoja alinifundisha kitu tofauti. Dogo wa chuo, mpole, alikuwa anakuja kukaa tu jioni. Siku hiyo tumewarudishia wageni ile episodi ya tisa kwenye tivii ya dukani, ilipofika pale watu wakaanza kelele na kucheka waliokuwa wanaona mara ya kwanza, dogo machozi yanamtoka. Kuna mtu akamwambia acha ushamba bana, muvi tu hiyo. Dogo akainuka akaondoka. Alipokuja kunielezea baadaye, wala hakuwa anamlilia Ned. Alikuwa anamlilia Arya, yule mtoto wa kike, maana wakati baba yake anakatwa kuna mzee anamkamata anamfunika uso kifuani ili asione. Dogo alikuwa shule ya bweni baba yake alipofariki, walimficha mpaka mitihani iishe, alifika nyumbani akakuta wameshazika. Watu wazima walimfunika uso kwa nia nzuri kabisa na yeye mpaka leo hajawasamehe.

Tangu hapo lile neno la "muvi tu hiyo" nikalipiga marufuku dukani. Hujui mtu anamlilia nani. Ukiona mwenzio kaguswa sana muulize tu, ulimpendea nini huyu? Atakujibu, na mara nyingi jibu lake halimhusu yule wa kwenye tivii.

Tuje kwenye Harusi Nyekundu. Sizoni ya tatu, episodi ya tisa tena, ilirushwa Marekani Jumapili ya tarehe 2 Juni 2013 usiku, kwetu ikawa Jumatatu saa kumi alfajiri. Hapa niwaeleze hesabu ya kazi yenyewe maana watu wanadhani ilikuwa inakuja yenyewe. Bando la usiku lilikuwa la bei rahisi ila linakata alfajiri, episodi inaisha kwenye saa kumi na moja, mafaili yanaanza kuonekana muda si mrefu baada ya hapo, kwa hiyo nna kadirisha kadogo sana ka kushusha kabla bando halijakata, na katika hayo mafaili nusu ni feki, unashusha unakuta tangazo la kamari. Ukikosa hapo unanunua bando la mchana na faida ya siku nzima imeondoka. Na usingizi je. Mke wangu alikuwa anaziita Jumatatu zangu siku za zamu.

Mchana benchi limejaa. Kuna fundi cherehani jirani yangu, mtu wa makamo, Kiingereza hajui lakini alikuwa anafuatilia kuliko sisi wote, mi namtafsiria. Robb Stark, mtoto mkubwa wa Mzee Ned, anaenda na mama yake na mke wake mjamzito kwenye harusi nyumbani kwa Walder Frey, mzee aliyekuwa na kinyongo kwa sababu Robb aliahidi kuoa binti yake akavunja ahadi. Wanapofika wanapewa mkate na chumvi, maana yake wameshakuwa wageni, hawaguswi. Fundi akasema haya, yameisha, wameshakula chumvi. Akatulia kabisa, akaanza hata kusifia chakula.

Halafu mlango unafungwa. Wapiga muziki wanabadilisha wimbo. Mama mtu, Catelyn, anavuta mkono wa nguo ya jamaa aliyekaa naye, anakuta ndani kavaa deraya. Yaani hapo benchi zima tulielewa kwa pamoja na hakuna aliyeongea. Kilichofuata mnakijua, mke anachomwa visu tumboni, Robb anaisha, mama anakatwa koo, mpaka mbwa mwitu wa Robb anamalizwa bandani. Na ikiisha majina yanapita bila muziki wowote, kimya, mi nikainuka nikaanza kupiga-piga spika nikidhani imekufa.

Fundi hakulia. Alikasirika, na hasira yake haikuwa kwamba watu wamekufa, vita ni vita. "Kwetu mtu akishala kwako," akaniambia, "hata kama alikuja kukuua unamsindikiza mpaka njia panda, mnauana kesho." Hakushona siku hiyo. Wateja wanakuja kuuliza suruali zao anawaambia kesho, anarudi kuniuliza hao waandishi ni watu wa wapi.

Nikaenda kutafuta, na hapa ndo nilianza kuona kuwa tukijua kitu kimetoka wapi maumivu yanapata pa kukaa. Mwandishi wa vitabu, George R.R. Martin, alishasema alichukua mambo ya kweli ya Uskoti. Mwaka 1440 vijana wawili wa ukoo wa Douglas walialikwa chakula kwenye ngome ya Edinburgh mbele ya mfalme mtoto, wakaishia kuuawa. Na mwaka 1692 kule Glencoe askari waliolazwa na kulishwa na watu wa ukoo wa MacDonald waliamka usiku wakawaua wenyeji wao. Nilipomweleza fundi akasema basi na kule huwa wanajua kuwa ni laana, ndo maana wameliandika. Kesho yake cherehani ikasikika.

Martin mwenyewe alisema ile sura ilimshinda kuandika, aliiruka akamaliza kitabu chote kwanza ndo akairudia. Kitabu kilitoka mwaka 2000, maana yake kuna watu duniani walikaa na hiyo siri miaka 13, na tivii ilipoanza wakawa wanawaangalia wenzao wanampenda Robb na wasiseme neno. Walichofanya ni kutega kamera sebuleni wawarekodi. Zile video zilisambaa sana mtandaoni, mtu kajifunika mto usoni, mwingine kasimama katikati ya sebule mikono kichwani anazunguka tu. Niliwawekea watu dukani, na naapa ziliwasaidia kuliko maneno yangu, mama muuza vitumbua akamwona mzungu wa Marekani kashika mdomo vilevile alivyoshika yeye, akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo kama umepigwa na kifo cha hivyo tafuta watu waliopigwa pamoja na wewe, usikae nacho peke yako chumbani saa saba usiku.

Na kuna kitu nilianza kukifanya baada ya hapo. Ukitazama, vifo vikubwa vilipenda episodi ya tisa. Ned ya tisa, Robb ya tisa, Ygritte, yule msichana mpiga mishale, ya tisa ya sizoni ya nne, yule mtoto Shireen aliyechomwa moto na baba yake ya tisa ya sizoni ya tano (ile hata mimi niliondoka kwenye kiti, sijawahi kuirudia na sitarudia). Kwa hiyo episodi ya tisa sikuiuza peke yake. Ukitaka ya tisa unasubiri ya kumi itoke nakupa zote mbili, ukigoma nenda library nyingine. Walinitukana wakarudi. Ya kumi inakuonyesha waliobaki wanafanya nini, moyo unapata pa kushika, hata kama na wenyewe wanaenda kufa huko mbele.

Sizoni ya nne ilileta furaha kwanza, Joffrey kalishwa sumu kwenye harusi yake Aprili 2014, dukani watu wakanunuliana soda kabisa. Sikupenda sana ile furaha kusema kweli, yule ni mtoto anakufa mikononi kwa mama yake na uso umebadilika rangi, na kuna mama mmoja pale alisema hata huyu jamani ana aliyemzaa, tukamzomea. Kibaya zaidi watu walimchukia mpaka Jack Gleeson aliyeigiza, kijana ambaye waliofanya naye kazi wanasema ni mstaarabu. Ikaja kujirudia kwa yule dogo Olly wa Night's Watch (walinzi wa Ukuta) aliyemuua Ygritte, mtoto wa watu anatukanwa mitandaoni kwa kazi aliyolipwa kuifanya. Hili nawaomba tu, mkasirikieni aliyeandika. Mwigizaji alipewa karatasi.

Mwezi wa sita mwaka huohuo Oberyn Martell, yule Pedro Pascal kabla dunia nzima haijamjua, akaingia kupigana na lile jitu Gregor Clegane. Tulikuwa na jamaa dukani alimpenda Oberyn kupita kiasi, na Gregor alipoanguka akasimama kushangilia kama shabiki wa Yanga anayetoka uwanjani dakika ya 88 akitamba barabarani, hajui nyuma Simba wamesawazisha na kuongeza. Oberyn badala ya kumaliza anazunguka anadai jamaa akiri alichomfanyia dada yake. Gregor akamdaka. Alichofanywa pale kichwani siandiki, watu wanakula. Jamaa alikuwa ameshaahidi soda, akalipa akaondoka hajanywa ya kwake.

Halafu Juni 2015 Jon Snow, yule aliyelelewa kama mtoto wa nje wa Mzee Ned na akawa mkuu wa walinzi wa Ukuta, akachomwa visu na wenzake mwenyewe, sizoni ikaisha yuko chini kwenye theluji damu inamtoka. Sasa hapa ndo palikuwa na hasara ya hela kabisa. Miezi kumi na zaidi ya kusubiri, dukani watu wakagawanyika, kuna wa kafa na kuna wa hafi, wakaanza kuwekeana dau na hela wananishikisha mimi. Usikubali kushika dau la watu. Kila wiki mtu anakuja na habari mpya, Kit Harington anayemwigiza kaonekana sehemu wanayorekodia, Kit Harington nywele hajakata, mwenzake anasema waigizaji wenyewe wanasema kafa, wawili wakashikana mashati mlangoni kwangu. Mpaka Obama alimuuliza mmoja wa waongozaji kama kweli wamemuua Jon Snow, akajibiwa kafa kabisa, na walio upande wa kafa wakalichukua hilo kama hukumu ya mahakama ya rufaa.

Mei 2016 akaamka. Harington akaomba radhi hadharani kwa kuwadanganya watu, na alisimulia kwenye kipindi cha tivii kule Marekani kwamba askari wa barabarani alimkamata kwa mwendo kasi akampa achague, kwenda kituoni au aseme kama yuko hai sizoni ijayo. Akasema. Askari akamwachia. Wale wa hafi walikula hela yao wakatamba kwamba si tuliwaambia, stelingi hafi. Lakini unajua, kuna kitu kilipungua pale. Yule fundi cherehani aliniambia sasa hatuogopi tena, tumeshajua kuna mlango wa nyuma. Nilimbishia siku hiyo. Baadaye nikaja kumwelewa.

Wiki tatu baada ya Jon kuamka ndo ikaja ya Hodor. Tandika ina wabeba mizigo wengi, wa mikokoteni na wa mgongoni, na hao Hodor alikuwa wao. Mtu mkubwa, haongei zaidi ya neno moja, kazi yake kumbeba mtoto wa bosi mgongoni toka sizoni ya kwanza, theluji, mvua, hakuna anayemuuliza amechoka. Wakiingia dukani wanaitana Hodor. Siku ile anaambiwa ashike mlango wenzake wakimbie, na wakati uleule tunaonyeshwa alipokuwa kijana mzima anayeongea vizuri, kumbe hata ule ububu wake ulisababishwa na huyuhuyu mtoto anayembeba, alitumika kabla hata hajajua anatumika. Mmoja wa wale jamaa, mwili mkubwa, mabega yamechubuka na magunia, alisema tu "na hawakumwambia hata asante", akachukua kofia yake. Nje mvua, mkokoteni wake una magunia ya vitunguu kaufunika turubai, nikamwona kasimama pembeni ya turubai yeye analowa.

Kesho yake wenzake walikuwa wanamtania, shika mlango, shika mlango. Alicheka. Huko ulaya na Marekani nako wakawa wanabandika jina la Hodor kwenye vibao vya kuzuia mlango na vitufe vya lifti. Utani ni dawa, ila acha siku ipite kwanza.

Sasa mwaka 2019, sizoni ya nane. Biashara yangu ilikuwa inakata roho, kila mtu ana simu ya maana, wanashusha wenyewe Telegram, na spoila zinakuja na stetasi za WhatsApp kabla hujapiga mswaki Jumatatu. Episodi ya tatu, ile vita na wafu, ilikuwa na giza mpaka watazamaji wakalalamika dunia nzima, na mpiga picha wake akajitetea kwamba tatizo ni seti za watu na jinsi wanavyoangalia. Mi nilikuwa na kopi iliyokandamizwa kwenye tivii ya chogo saa saba mchana mlango wazi, hebu fikiria. Theon kafa, Jorah kafa, Lyanna Mormont mtoto kafa anapambana na jitu, na nusu ya benchi inauliza huyo ni nani, nani kafa, washa taa. Kama ndo unaenda kuiangalia leo, subiri usiku, zima taa, panda kwenye ubora wa juu hata kama bando litakuuma, la sivyo utalilia kivuli.

Iliyofuata wakamkata Missandei kichwa akiwa na minyororo. Mwanamke mweusi pekee mwenye nafasi kubwa katika hadithi nzima, alitolewa utumwani, akarudishwa kwenye pingu ili afe. Watu weusi walilisema sana duniani na dukani halikuhitaji maelezo, kuna dada alisema "nilijua tu" akarudi kazini kwake.

Huyo dada ana saluni, na yeye na wenzake walikuwa watu wa Daenerys, yule malkia wa majoka. Walisukia wateja ile misuko yake, kuna mteja alitaka mpaka rangi. Miaka minane wako naye, kauzwa kama mbuzi, kafiwa, katoa majoka motoni, kavunja utumwa mji kwa mji. Halafu ndani ya episodi mbili za mwisho anachoma mji uliokwisha kujisalimisha, watoto na wote, na Jon anamkumbatia anamchoma kisu. Tarehe 19 Mei 2019 hiyo, ndo mwisho. Nilitegemea kilio saluni. Nilikuta matusi.

"Mi kufa wala sibishi," yule dada akaniambia, mkono haujatoka kichwani kwa mteja. "Angekufa vitani ningelia ningelala. Hawa wamemchafua jina kwanza ndo wakamuua, ili tusimlilie."

Niliuza vifo miaka yote hiyo na sikuwahi kusikia mtu akiisema hivyo. Maana angalia, Ned alikufa tukalia, lakini ukirudi nyuma unakuta ni yeye mwenyewe alimwendea Cersei, mama yake Joffrey, bustanini akamweleza mpango wake wote. Robb alivunja ahadi ya ndoa. Oberyn aliongea sana. Ukifuatilia unyayo unafika kwenye kaburi, unaumia lakini hujadhulumiwa. Sizoni za mwisho unyayo ulikatika, sizoni ya saba ina episodi saba, ya nane sita, vitabu vyenyewe mwandishi hajamaliza, watu waliokuwa wanatembea sizoni nzima kufika mahali sasa wanafika kabla hujamaliza chai. Zaidi ya watu milioni moja walisaini ombi mtandaoni sizoni ya nane irudiwe upya. Nilisoma watu wakiwacheka hao kwamba wanalilia muvi, na wengi wao siamini kama walikuwa wanalilia kifo. Walikuwa wanadai chenji yao.

Nilifunga duka mwaka huohuo. Saivi nauza vifaa vya simu palepale Tandika, muvi naangalia za kulipia, na tuna grupu la WhatsApp la watu wa lile benchi. House of the Dragon, ile tamthilia ya mababu wa Daenerys, ilipoanza Agosti 2022 tukaweka sheria, hakuna kutaja jina la mtu wala joka mpaka Jumatano saa mbili usiku, ukitaja unatolewa wiki nzima na emoji ya machozi nayo inahesabika. Imefanya kazi, hata Lucerys alipoliwa na joka la mjomba wake mwisho wa ile sizoni ya kwanza watu walishikilia.

Wanaoniuliza waanzie wapi nawaambia waanzie Game of Thrones ya 2011, msisikilize wanaosema mwisho mbaya usianze, sizoni nne za mwanzo peke yake zinatosha kukusumbua. Ila tafuta mtu mmoja aliyekwisha kuiona ambaye anajua kufunga mdomo, umwambie akiona umefika ya tisa akupigie.

Julai 2024 sizoni ya pili ya majoka, yule mama Rhaenys akaanguka na joka lake. Grupu kimya Jumatatu, kimya Jumanne, Jumatano saa mbili kamili ikaingia sauti ya fundi cherehani, ndefu, cherehani inasikika nyuma. Hakumlilia mama, alikuwa anamlilia joka. Mama alikuwa ameshatoka vitani yuko salama angani, anasema fundi, njia nyeupe ya nyumbani, karudi kufanya nini? Tukamjibu heshima. Akatuma nyingine, anasema heshima ni ya kwake, joka lilimkosea nini? Bado hatujaelewana.